Alilalamikia usingizi na ndoa, kibofu hakukitaja: uchambuzi wa kisa cha kuvuja mkojo

Mama ninayemweleza hapa ana miaka 46, amezaa mara tatu kwa njia ya kawaida, anafanya kazi ya kusimama mbele za watu kutwa nzima, na ndoa yake imepita miaka ishirini. Si mtu mmoja. Nimemuunga kutokana na hali zinazojirudia kwa wanawake wengi wenye tatizo hili, ili asitambulike yeyote. Maelezo ya kitabibu yanayomzunguka ndiyo yanayofanyika kwa wagonjwa wa kweli.

Alipofika kwa mnasihi alikuwa na malalamiko mawili. Usingizi umempotea, na ndoa imepoa. La pili alilisema haraka haraka, kama mtu anayetaka lipite bila kushikwa. Mume alikuwa ameanza kuuliza maswali mazito: kuna mtu mwingine? Nimekukosea nini? Kwa nini siku hizi unalala chumba cha watoto? Miezi kadhaa kabla ya hapo aliandikiwa fluoksetini kwa ajili ya sonona. Aliinywa ipasavyo, moyo ukatulia kidogo, lakini hamu ya tendo la ndoa iliyokuwa imebaki ikazimika. Hilo halishangazi, maana dawa za kundi hilo zinajulikana kupunguza hamu na kuchelewesha kufika kileleni, wakati mwingine kukuzuia kabisa. Linaloshangaza ni kwamba alipita kwa daktari wa presha, kwa aliyemwandikia dawa ya sonona, na kwa nesi wa kliniki ya wanawake, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza habari za mkojo.

Mnasihi ndiye aliyeuliza, tena kwa maneno ya kawaida: ukikohoa, ukicheka, au ukiwa unakimbilia choo, mkojo huwa unakutoka? Jibu lilikuwa lile lile ambalo wauguzi wamelisikia mara nyingi: "Si nimezaa, jamani." Yaani kwake hilo halikuwa ugonjwa hata kidogo. Lilikuwa kodi ya uzazi, na kodi hailalamikiwi hospitali. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu alikwishazaa, kuficha akakuanza baadaye.

Mambo yaliyotoka baada ya swali hilo

Matone yalianza baada ya mtoto wa tatu, miaka kumi na miwili iliyopita: chafya, kicheko, kuinua ndoo. Alivaa pedi nyembamba akaendelea na maisha. Miaka miwili ya mwisho ndiyo iliyobadilisha mambo. Kwanza uzito uliongezeka. Pili, alianzishiwa enalaprili kwa ajili ya presha, na wiki chache baadaye akapata kikohozi kikavu kisichoisha. Tatu, likaja jambo jipya kabisa: akisikia haja, haja haimsubiri. Akigusa tu ufunguo wa mlango wa nyumbani, mkojo umeshaanza njia.

Hizo ni aina mbili tofauti, na kuzitenganisha kuna faida. Ile ya kukohoa na kucheka hutokea pale misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayokishikilia kibofu kwa chini, na kizuizi cha njia ya mkojo, yaani msuli unaoifunga, vinapozidiwa na msukumo wa ghafla kutoka tumboni. Kibofu chenyewe hakina kosa. Ile ya haraka hutokea kibofu kinapojikaza kabla ya wakati wake. Mwenye zote mbili, kama mama huyu, huhitaji kutibiwa pande zote mbili. Na hapa daktari wa presha alikuwa amechangia bila kujua. Kikohozi ni athari inayojulikana ya kundi la enalaprili, na kila kikohozi ni msukumo mmoja zaidi juu ya misuli iliyokwisha kulegea.

Kisha akasimulia usiku mmoja. Walikuwa pamoja, na katikati ya tendo akahisi umajimaji ambao alijua si ute. Mume akauliza, "Mbona pamelowa hivi?" Aliuliza tu, bila karaha, baadaye hata hakukumbuka kuwa aliwahi kuuliza. Yeye alisikia hukumu. Aliamka, akaoga, akabadilisha shuka gizani, na tangu usiku huo akawa na sababu kila mara: kichwa, uchovu, hedhi isiyokwisha, ugomvi mdogo unaozuka saa tatu usiku bila chanzo kinachoeleweka. Mwisho akahamia chumba cha watoto kwa kisingizio kwamba mdogo anaota ndoto mbaya.

Kuvuja wakati wa tendo ni jambo linalotokea kwa wanawake wengi wenye kuvuja kwa kawaida, ila ni wachache mno wanaolisema wenyewe. Kwa kawaida, kunakotokea wakati wa kuingiliwa huendana na udhaifu wa kizuizi na misuli, na kunakotokea wakati wa kilele huhusishwa zaidi na kibofu kinachojikaza ovyo. Kwa mama huyu ilikuwa ile ya kwanza. Swali la wakati gani hasa mkojo unatoka linatia haya kuulizwa, lakini linamwonyesha mtaalamu aanzie wapi.

Maisha yaliyojengwa kuzunguka siri

Hapa ndipo penye uzito wa kisa hiki. Ukimwuliza mama huyu mkojo unaovuja ni kiasi gani, jibu ni dogo: vijiko vichache kwa siku, siku mbaya kidogo zaidi. Ukimwuliza anafanya nini ili usijulikane, anazungumza nusu saa bila kupumzika.

Alipunguza maji. Asubuhi hakunywa kitu mpaka arudi nyumbani. Matokeo yake mkojo ukawa mzito na mkali, ukakiudhi kibofu, na choo kikubwa kikawa kigumu. Kule kujikamua chooni kukaisukuma chini misuli ile ile anayoihitaji. Alikwenda haja ndogo kabla ya kila kitu, hata kama haimbani, "kwa tahadhari". Kibofu kikazoea kudekezwa, kikaanza kudai choo kikiwa na robo tu ya uwezo wake. Alivaa pedi za hedhi, ambazo hazikutengenezwa kunyonya mkojo unaotoka kwa kasi, ngozi ikawasha. Kwa hofu ya harufu akajisafisha kwa sabuni ya dawa mara nyingi kwa siku, uke ukakauka, na ukavu huo ukafanya tendo liume siku zile chache alizokubali. Tena alikuwa amejikaza muda wote, kazini, barabarani, kitandani. Misuli inayokazwa kutwa nzima haiwi imara kwa hilo. Huchoka, huuma, na hushindwa kulegea pale inapotakiwa kulegea.

Ukiangalia vizuri, karibu kila hila aliyoibuni ilirudi kumwongezea tatizo.

Hila za nje zilikuwa na gharama nyingine. Aliacha kukaa katikati ya watu, akakaa karibu na mlango. Aliacha safari ndefu. Aliacha kubeba watoto wa ndugu zake kwa kuwa wanapanda tumboni na kuruka. Nguo nyeupe ziliisha kabatini. Marafiki walisema amejitenga, na yeye hakuwa na la kuwajibu, kwa sababu jibu la kweli ndilo lile lisilosemeka. Kujitenga, kukosa usingizi, kujiona mchafu, kukosa raha katika mambo yaliyokuwa yakimfurahisha: mtu akiyaorodhesha hayo mbele ya daktari mwenye haraka, sonona inaandikwa bila shaka. Wala si kwamba daktari alikosea. Alama zake kwenye dodoso la PHQ-9, ambalo hupima sonona kutoka 0 mpaka 27, zilikuwa 14, yaani kiwango cha kati. Ila ukichungulia zimetoka wapi, swali la usingizi na swali la uchovu peke yake zilimpa 6. Na usiku alikuwa anaamka mara tatu kwenda haja. Sehemu nzuri tu ya sonona yake ilikuwa inaamshwa na kibofu.

Nataka kuwa mwangalifu hapa, maana ni rahisi kuvuka mpaka na kusema kibofu kikitibiwa sonona itaondoka yenyewe. Uhusiano wa vitu hivi viwili unakwenda pande zote. Tafiti zimekuwa zikionyesha kwamba sonona na wasiwasi huambatana zaidi na ile aina ya haraka kuliko ile ya kukohoa na kucheka. Maelezo mojawapo ni ya kimaisha: mwenye kuvuja akikohoa anaweza kukadiria lini, mwenye haraka hawezi, na kutojua lini ndiko kunakochosha akili. Maelezo mengine ni ya kimwili: serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hali ya moyo, inahusika pia katika mishipa ya fahamu inayotuliza kibofu. Kwa hiyo mnasihi hakufuta utambuzi wa sonona. Swali la tisa la dodoso, linalouliza mawazo ya kujidhuru au kwamba afadhali ufe, mama alikuwa ameliwekea sifuri. Mnasihi akaliuliza tena kwa mdomo, taratibu, kwa sababu mwenye kuficha jambo moja kwa miaka anaweza kuficha na la pili. Jibu lilibaki hapana.

Upande wa mume

Alikuja kwa ridhaa ya mkewe, baada ya mama kukubaliana na mnasihi maneno yapi yatasemwa na nani atayasema. Alitaka ayaseme mwenyewe. Aliyasema kwa sentensi mbili. Mume akanyamaza, halafu akasema, "Mimi nilidhani umenichoka." Kwa miaka miwili alikuwa ameona kuoga kusikoisha, nguo kufuliwa kando, mlango wa chumba kingine, na alikuwa ameunganisha dalili hizo akapata jibu lake mwenyewe, ambalo ni mtu wa tatu. Unyevu wa usiku ule aliuchukulia kama dalili nzuri. Kwa maneno mengine, jambo lililomwangusha mke ndilo lililomfurahisha mume, wakiwa kitanda kimoja.

Likatoka na jambo lingine ambalo hakulipanga: naye nguvu zilikuwa zimeanza kumwacha. Kukataliwa mara kwa mara kunamtia mwanamume hofu ya kushindwa, na hofu hiyo yenyewe inaushusha uume. Hata hivyo mnasihi hakukubali maelezo hayo peke yake. Mwanamume wa umri wa makamo anayeanza kukosa nguvu anapaswa kupimwa sukari, presha na mafuta ya damu, kwani mishipa midogo ya uume inaweza kuonyesha kuziba kabla ya ile ya moyo. Alipelekwa kupimwa. Hilo si kisa chetu, ila nalitaja kwa kuwa wanandoa hawa walikaribia kulipuuza kwa kulibandika jina la "ugomvi wa nyumbani".

Hatua zilizochukuliwa

Vipimo vilikuwa vya kawaida: mkojo ulipimwa maambukizi na sukari, uke ulikaguliwa kuona kama kuna kiungo kinachoshuka, misuli ilipimwa nguvu, na mama akapewa daftari la siku tatu aandike kila anachokunywa, kila anapokwenda haja, kiasi, na kila kuvuja. Daftari lilionyesha safari kumi na nne za choo kwa siku, kila moja mililita 80 hadi 120. Kibofu cha mtu mzima hubeba kwa raha mililita 300 hadi 500. Yaani nafasi ilikuwapo. Kilichokosekana ni mazoea ya kuitumia.

Hatua ya kwanza haikugusa kibofu kabisa. Daktari alibadilisha dawa ya presha kwenda kundi lisiloleta kikohozi. Katika wiki chache kikohozi kikakoma, na sehemu ya matone ikakoma nacho. Sijui kwa nini jambo hili halipewi nafasi ya juu zaidi katika mafunzo. Kabla ya kuongeza kidonge, tazama vile ambavyo mgonjwa tayari anavinywa.

Maji yalirudishwa kwenye kiwango cha kawaida, yakigawanywa mchana, na vinywaji vyenye kafeini vikapunguzwa. Sabuni ikaondoka ukeni. Pedi za hedhi zikabadilishwa kwa zile za mkojo. Kisha likaanza zoezi la kibofu: haja ikibana, asikimbie. Asimame au akae, akaze misuli mara kadhaa, wimbi lipite, ndipo aende kwa miguu ya kawaida. Nafasi kati ya safari moja na nyingine huongezwa kwa dakika chache kila wiki, na zoezi hili huhitaji wiki sita angalau kabla ya kulihukumu.

Mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga yana historia ndefu kidogo. Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Marekani, aliyaandika mwaka 1948, na hata leo ndiyo tiba ya kwanza kwa aina ya kukohoa na kucheka. Mwongozo wa Uingereza unataka mikazo minane angalau, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu angalau, chini ya usimamizi. Neno usimamizi limewekwa kwa sababu. Wengi wakiambiwa "kaza" husukuma chini, hubana matako, au huzuia pumzi, na anayesukuma chini kila siku kwa miezi mitatu anajiharibia. Mama huyu ilibidi kwanza afundishwe kulegeza. Ndipo akafundishwa kukaza, na mwisho hila ndogo yenye manufaa makubwa: kukaza sekunde moja kabla ya chafya au kabla ya kuinua kitu. Alikuwa ameambiwa na jirani ajizoeze kwa kukata mkojo katikati kila anapokwenda haja. Hilo alikatazwa, maana linaweza kumfanya asimalize haja vizuri.

Uzito nao ulizungumzwa, bila kumlaumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia wanawake 338 wenye uzito mkubwa. Kundi lililopungua wastani wa asilimia 8 lilipunguza idadi ya mara za kuvuja kwa wiki kwa asilimia 47, wenzao waliopewa elimu tu wakapunguza kwa asilimia 28. Namba hizi nazipenda kwa sababu haziahidi mwili mpya. Mwenye kilo 90 anazungumzia kilo saba hivi.

Kuhusu sonona, fluoksetini haikukatwa ghafla. Daktari alifikiria duloksetini, dawa ya sonona ambayo Ulaya huruhusiwa pia kwa kuvuja kwa kukohoa na kucheka kwani inaimarisha kizuizi cha njia ya mkojo. Akaiacha, maana inaweza kupandisha presha na mama hakuhitaji hilo. Dozi ya fluoksetini ikapunguzwa polepole baadaye, hali ya moyo ilipotulia.

Kitandani, ushauri ulianza kwa kuondoa mtihani. Kwa muda waliokubaliana, kuingiliana kukawekwa kando. Kugusana kuwepo bila kudaiwa matokeo. Kisha: haja ndogo kabla, taulo la rangi nzito juu ya shuka bila maelezo marefu, kilainishi, na mikao isiyokandamiza tumbo, yeye akiwa ubavu au juu, ambako anaamua kina na mwendo. La mwisho lilikuwa la maneno: likitokea, aseme tu "limetokea" na waamue pamoja kuendelea au kupumzika. Mume alikuwa na swali moja, kama mkojo huo utamdhuru. Kwa mtu asiye na maambukizi, haumdhuru.

Baada ya miezi minne

Kuvuja kulishuka kutoka mara ishirini hivi kwa wiki hadi saba. Hakukwisha. Usiku anaamka mara moja. Alama za PHQ-9 zilikuwa 5.

Mpangilio wa matukio ndio ninaoutaka usomwe. Alama zilishuka hadi 9 wiki tatu tu baada ya yale mazungumzo na mume, wakati misuli ilikuwa bado haijapata nguvu yoyote ya kutajwa. Misuli haijengeki kwa wiki tatu. Mtu angesema basi ni kusema siri ndiko kulikomponya. Sifiki huko: kikohozi kilikuwa kimekoma katika wiki hizo hizo, na usingizi ukaanza kurudi. Lakini alirudi chumbani kwake akiwa bado anavuja karibu vile vile. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba hapakuwa tena na kitu cha kulinda. Ndiyo maana hesabu ya pedi ni kipimo kibovu cha ukubwa wa tatizo hili. Mwanamke anayelowesha pedi moja kwa siku anaweza kuwa ameumia kuliko anayelowesha tano, na mtaalamu anayehesabu pedi peke yake atampa wa kwanza pole na kumruhusu aende.

Visa vinavyofanana na hiki kwa nje vinaweza kuwa kitu kingine. Mkojo unaotoka mfululizo, usiku na mchana, baada ya uzazi uliokwama siku nyingi, ni fistula mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mazoezi hayataifunga, inahitaji mpasuaji. Damu kwenye mkojo inahitaji uchunguzi wa haraka. Ganzi sehemu za siri pamoja na maumivu ya mgongo na kushindwa kukojoa ni dharura ya saa hiyo hiyo. Na wanaume hawamo nje ya habari hii: baada ya kuondolewa tezi dume wengi huvuja kwa miezi, na baadhi hutokwa na mkojo wakati wa kilele, na wao wana maneno machache zaidi ya kulieleza kuliko wake zao.

Mama ameuliza habari za upasuaji wa utepe unaowekwa chini ya njia ya mkojo. Unasaidia sana aina ya kukohoa na kucheka, lakini tepe za plastiki zimeleta madhara kwa baadhi ya wanawake, yakiwemo maumivu wakati wa tendo, na Uingereza ilisitisha matumizi yake mwaka 2018 isipokuwa kwa masharti makali. Aina ya haraka utepe hauitibu kwa uhakika, na safari nyingine huizidisha. Kwa hiyo daftari la siku tatu litaandikwa upya kabla ya uamuzi wowote, kuona kati ya zile mara saba zilizobaki, ngapi ni za chafya na ngapi ni za mlangoni.